Sekunde Zisizopimwa

Shitanda, msaka vipaji wa klabu ya raga ya kulipwa, alikuja chuoni kumpima Ambundo, mkabaji aliyesifiwa kwa kasi. Nafasi ilikuwa moja, na usajili ungefungwa kesho yake.

Kipenga kilipolia, Ambundo alichomoka, akamwangusha mwenye mpira, kisha akampa mkono kumwinua.

Shitanda alibaki ameduwaa. Hivyo ndivyo marehemu kaka yake alivyokaba, kwenye uwanja wa vumbi, enzi ambazo hakuna aliyekuja kuwatazama.

"Sekunde ngapi, mzee?" kocha akauliza.

"Nimesahau kuibonyeza saa."

"Arudie?"

Shitanda akapangusa macho. "Tafadhali. Mwambie arudie."

Ambundo akarudi mstarini, akainama, vidole vikigusa nyasi.