Kofia ya Fred

Gari jipya la Jaffer lilipozimika kwa mara ya nne kwenye mlima wa Keumbu, Ouma, aliyekuwa akifuata nyuma na lori kuukuu, alimshukuru Mungu. Papo hapo akaona haya, akaomba msamaha. Halafu akashukuru tena.

Moshi mweusi ulikuwa ukitoka nyuma ya gari lile, mzito kama wa kuni mbichi. Fred, dereva wake, alishuka, akafunua boneti, akajikuna kichwa.

"Mwalimu!" aliita. "Hebu njoo ushike usukani wewe. Labda utaona nisichokiona."

"Gari ni lako," Ouma akajibu. "Mimi ni mtu wa lori."

Neno hilo "mwalimu" lilimchoma. Ni kweli yeye ndiye aliyemfundisha Fred kuendesha, zamani Fred alipokuwa tanboi wake, akipakia na kushusha mizigo ya lori. Lakini sasa mji mzima wa Kisii ulijua kwamba Ouma, na mvi zake, huenda kanisani kila jioni kukaa benchi moja na vijana, akijifunza kusoma. Aliona anachekwa.

Miaka minane alikuwa amelisombea duka la Jaffer bidhaa kwa lori lile: mahindi ya Gesima, chumvi, mafuta ya taa. Mwaka huo wa 1953 gari jipya lilipoletwa kutoka Kisumu, la kijani, viti vya ngozi, Ouma alikwenda kununua shati jeupe. Jaffer akampa Fred ufunguo.

"Lori halimjui mtu mwingine ila wewe, Ouma," Jaffer alisema, kana kwamba anampa heshima.

Shati lilibaki kwenye karatasi yake. Tangu siku hiyo, kila alfajiri alipopiga magoti, Ouma aliwataja wote mbele za Mungu: mkewe Syprose, watoto, Jaffer, hata paka wa dukani. Jina la Fred aliliruka.

Na ugonjwa wa gari aliujua. Aliuona siku ya kwanza, kupitia dirishani. Kwenye dashibodi kuna kishikio kidogo kinachovutwa asubuhi ya baridi ili injini ikubali kuwaka. Ikishapata moto, lazima kirudishwe ndani. Kikiachwa nje, injini hunywa petroli kupita kiasi, hutoa moshi, hukata pumzi mlimani. Kinaitwa choki. Fred, enzi zile za kufundishwa, alikiita "chaki", na Ouma alicheka na kumsahihisha mpaka akachoka. Sasa bwana huyu wa chaki alikuwa akikivuta kila asubuhi, kisha anatundika kofia yake juu ya kishikio hicho na kwenda zake.

Neno moja lingetosha. Ouma hakulisema.

Jumamosi, Jaffer aliwaita barazani, karatasi ya dhamana mkononi.

"Leo ndiyo mwisho," alisema. "Nikilirudisha leo, wanalichukua. Kuanzia kesho kasoro ni zangu, nitengeneze mwenyewe. Yule pale ni mtu wa wakala aliyeniuzia, anangoja. Fred, unasemaje?"

"Mimi limenishinda, bwana. Muulize mwalimu. Akisema linatengenezeka, mpe yeye."

Jaffer akageuka. "Haya, Ouma. Magari unayajua wewe. Nirudishe au nitengeneze?"

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kofia ilikuwa inaning'inia mahali pake. Ouma aliitazama, kisha akamtazama Fred, na Fred naye alikuwa anamkodolea macho, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Ouma alilikumbuka shati.

"Rudisha, bwana," alisema. "Hili lilizaliwa na ugonjwa."

Jaffer alishusha pumzi. "Basi. Na sitaki jingine. Lori litatutosha."

Akaingia dukani kumpimia mteja sukari.

Mtu wa wakala alikaa kwenye usukani, akaiondoa kofia, akampa Fred kupitia dirishani. Akasukuma kitu kwa kidole gumba. Gari lilinguruma taratibu, likashika barabara ya Kisumu, likapanda kilima bila moshi, bila kikohozi hata kimoja, likapotea.

Ouma alisimama akingoja furaha ije.

Fred alikuwa bado anatazama barabara, akiizungusha kofia mikononi. Aliposema, hakugeuka.

"Siku ile ile ya ufunguo nilimsihi bwana akupe wewe, akanicheka. Mwezi mzima, mwalimu, nimeitundika kofia hii kwenye choki, nikingoja uiondoe mbele yake."