Tisini na Moja

Dakta Msangazi aliandika namba tasa ubaoni, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: 79, 83, 89. Kisha akachomeka 91, ambayo saba huigawa bila kubakiza kitu. Alikuwa amezitafiti namba hizo ujana wake wote, na katika kila somo alificha kosa moja makusudi ili mwanafunzi alinase. Likinaswa, ubishi ulizuka, na ubishi huo ndio uliokuwa mazungumzo yake pekee ya siku nzima.

"Kuna swali?"

Simu ziliinuliwa, ubao ukapigwa picha.

"Hebu utazameni vizuri, jamani."

"Tumeelewa, Mwalimu!" waliitikia, huku wakibeba mikoba yao.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Bi Tabu wa usafi aliingia na dasta.

"Nifute, Mwalimu?"

"Ngoja kidogo, mama. Kuna kosa pale."

"Sasa si ulirekebishe tu?"

Msangazi alishuka jukwaani, akaketi kwenye benchi la mbele, akaukazia ubao macho. Kisha, taratibu, akanyoosha mkono juu, akangoja kuitwa.