Mvua ya Mawe Kwenye Maonyesho

Siku hizi mvua hainyeshi bila kuombwa. Nyumba moja ikiomba, mtaa mzima unapata, na aliyeomba hatajwi.

Jana mvua ya mawe iliharibu maonyesho ya magari ya kale kwenye kiwanja chetu. Mahema yalipeperuka. Peugeot ya marehemu baba mkwe ilibonyea paa na vioo vyote vikavunjika.

Mama mkwe amejifungia chumbani, analia. Tangu afiwe, amekuwa akimtaka Simiyu, mume wangu, aiwashe Peugeot hiyo kila alfajiri, asikie mngurumo ule kama zamani ndipo aamke.

Leo mchana Simiyu alikula ugali kwa hamu.

"Nani anaomba mvua ya mawe siku ya maonyesho?" nikamuuliza.

"Watu wana wivu, Mama Nekesa."

"Na redio ya gari la baba uliing'oa juzi ya nini?"

"Ilikuwa inakwaruza."

"Inakwaruza? Si Ijumaa iliimba mpaka nikacheza!"

Akajiongezea mboga. "Leo nimelala mpaka saa mbili," akasema, kisha akashusha sauti. "Mama asisikie."

Nikainuka, nikaenda kuanua nguo zangu zote, ingawa jua lilikuwa linawaka na hazijakauka; nani ajuaye Simiyu ataomba nini tena.