Mwaka Ambao Bertilla Hakupanda

Bertilla alimaliza mzunguko wa ishirini kuzunguka nyumba yake, miguuni amevaa viatu vya mlimani vya mwanawe, vikubwa kuliko mguu wake, ndani ameshindilia matambara.

"Mama Rafaeli, utachimba mfereji hapo," alisema Jovina, jirani yake, aliyekuwa akipepeta ulezi upande wa pili wa ua.

"Viatu visipovaliwa vinakakamaa," Bertilla akajibu bila kusimama. "Hata mtu."

Jovina akaendelea kupepeta. Walikuwa majirani hapa mtaani Katandala kwa miaka thelathini, na alijua uchungu wa viatu vile. Rafaeli aliviacha mlangoni, akavaa vipya, miaka tisa iliyopita alipokwenda kupandisha wageni Kilimanjaro. Wageni wakampenda, wakamchukua kwao. Tangu hapo hakukaa mahali: mwezi huu yuko kwenye theluji, mwezi ujao jangwani, mwingine ndani ya boti katikati ya mto wenye povu. Picha ziliingia kwenye simu ya mama yake, na kila picha ilifuatiwa na sauti ileile ya haraka: "Niko salama, mama. Mtandao ukipatikana nitapiga."

Haukuwa ukipatikana. Simu ilikaa dirishani, mahali inaposhika vizuri, na Bertilla alikaa chini yake kwenye kigoda. Jovina alimwona pale akienda sokoni, akirudi alimkuta palepale. Kwa hiyo kila alipopika maharage alipika ya watu wawili, akasingizia kwamba amekosea kipimo.

Mwezi wa kumi, watu wakitazama mawingu upande wa milima ya Mbizi, Bertilla alivuka ua na kibuyu chake cha mbegu.

"Huu ulezi panda wewe. Mimi mwaka huu sipandi."

Jovina alikitazama kile kibuyu. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mwanamke wa Kifipa akigawa mbegu zake mvua ikikaribia. Mmoja tu, marehemu mama yake mzazi, naye hakuyaona mavuno.

"Unaumwa?"

"Nani kasema naumwa? Pokea mbegu, acha kunitazama kama nesi."

Juma lililofuata akaleta kuku, wote watano, na jogoo. Jumamosi akaenda kuungama. Jumatatu Jovina alimkuta akitoka studio na picha ndogo: amevua kitambaa cha kichwa, nyuma yake ni peupe, hacheki.

"Hii ya nini, mama Rafaeli?"

"Picha tu. Mtu lazima awe na picha."

Jovina akaikumbuka picha ya mzee Urbano, jirani yao marehemu, iliyopigwa vilevile, ikaja kusimama juu ya jeneza lake. Jioni hiyo Bertilla alimwonyesha hati ya kiwanja ilipofichwa, akamwachia na ufunguo wa akiba. Jovina hakula.

Akampigia Rafaeli. Alipiga siku tatu. Siku ya nne ikapokelewa, na upepo mkali ukisikika huko aliko.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kutisha watu. Mama yako anaaga."

"Anaumwa nini, mama mdogo?"

"Hasemi. Lakini amegawa mbegu."

Rafaeli alikuwa mtoto wa Ufipa, hakuhitaji kuelezwa.

"Mbegu zote?"

"Zote. Na kuku."

"Nakuja," akasema. "Na nikija, sirudi tena huku."

Jovina hakumwambia Bertilla. Moyo wa mgonjwa, alifikiri, usiahidiwe kitu kisije kikachelewa. Ndiyo maana hakumzuia Jumapili iliyofuata, Bertilla alipotokeza na begi, miguuni viatu vilevile.

"Nakwenda Laela, kwa dada. Siku chache."

Anakwenda kumuaga ndugu yake, Jovina akajua. Alimbebea begi mpaka stendi. Kabla ya kupanda basi, Bertilla alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Yale maharage," alisema. "Hukuwa unakosea kipimo. Nilikuwa najua."

Jovina alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Rafaeli alifika Ijumaa mchana, amekonda, ndevu zimejaa, begi lake kubwa kuliko mlango. Alimwamkia Jovina shikamoo, akatazama dirishani, akatazama kigoda kitupu.

"Nimechelewa?"

"Hapana, mwanangu. Yuko Laela, kwa mama yako mkubwa."

Akapiga simu ya mama yake, haikupatikana. Akapiga Laela. Jovina alikuwa amesimama karibu, akaisikia sauti ya yule dada vizuri.

"Bertilla? Huku hajafika tangu Pasaka."

Rafaeli akaegemea ukuta. Jovina akawa anafunga na kufungua fundo la khanga yake. Akilini alimwona Bertilla amelala katika wodi ya watu asiowajua, au kando ya njia, peke yake, na viatu vile vikubwa.

Simu ikalia mlio mmoja mfupi mkononi mwa Rafaeli.

Ilikuwa picha. Mto mpana kama ziwa, na viboko wawili wametoa vichwa. Mbele yao, ndani ya boti, mwanamke mzee amevaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Viatu vya mlimani vimening'inia shingoni mwake kwa kamba zake, miguu yake mitupu iko majini, na anacheka mpaka macho yamefumba.

Kisha ikaingia sauti, ya haraka, imechanganyika na ya maji.

"Rafa, pasipoti yangu imepigwa muhuri, hapa ni Zambia, na kesho wanatupeleka mbele zaidi. Niko salama, mwanangu. Mtandao ukipatikana nitapiga."

Rafaeli aliisikiliza mara mbili. Kisha akaiweka simu dirishani, mahali inaposhika vizuri, akavuta kigoda, akakaa chini yake.