Kontena Lisilokuwepo

Meneja Shekue alifunga madirisha yote kabla ya kukata keki. Bandari ilikuwa ikisherehekea mfumo mpya wa kompyuta, uliofanya meli zipakuliwe haraka kuliko zamani.

"Bosi, lile kontena la kuku wa kugandishwa linanuka hadi getini," alisema Tunu, karani wa zamu. "Halijachomekwa umeme tangu lishushwe."

"Kwenye mfumo limeshatoka. Halipo! Kula keki, mama, usituharibie shughuli."

Wafanyakazi wengine walicheka, midomo imejaa krimu. Tunu aliweka sahani chini, akaenda kufungua madirisha, moja baada ya jingine.

Uvundo ukaingia. Nzi mnene wa kijani akatua katikati ya keki. Meneja akamtazama nzi huyo, kisha akaigeukia kompyuta kuangalia kama yumo.