Mfuko wa Mchele

Nilikuwa nimebakiza mishono mitatu tu kuufunga mfuko, Mama alipoushika na kuuliza, "Mbambu, hii kitenge umeitoa wapi?"

"Kwa sanduku yako, Mama. Nilitaka pamba tupu. Nailoni ingeungua ndani ya maikrowevu ya jirani."

Nilikuwa nimeujaza mchele mkavu, ili tuupashe moto na kuuweka mgongoni pake, mahali ambapo dawa za hospitali hazikuwa zikifika tena.

Mama akapitisha kidole juu ya maua ya buluu, ua moja baada ya jingine.

"Hii nilinunua Butembo kabla tukimbie. Ni ya kunizikia."

Sindano ikanichoma. Kitenge kilikuwa kimoja, cha yadi mbili, nami nilikuwa nimekata upande mzima.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi silii, wewe unalia nini? Kwa mazishi watasema panya wa hapa Kisugu wamekula. Lete iliyobaki."

Nikaleta. Akashika ukingo wa kitanda, akasimama huku meno yameumana, akaniambia nimpime.

Mama alikuwa mwanamke mnene. Vitenge vyake vyote vya kiasi kile vilikuwa vinakutana kwa shida mbele ya tumbo, na alivifunga kwa pini. Nikaanza kumzungushia hicho kilichokatwa, nikiogopa mahali kitakapoishia.

Kilimzunguka mara mbili.

Sote wawili tulikitazama.

"Unaona?" akasema. "Inaenea. Maliza kushona, mgongo inauma."