Nusu Dakika Iliyotangulia

Fundi alimweleza Wahu kwamba kamera ya shamba lake pale Kitengela itarekodi tu mtu akivuka seng'enge, tena itahifadhi na nusu dakika iliyotangulia. Wahu hakumsikiliza. Alikuwa akimtukana jirani.

Sasa, ofisini kwa chifu, aliibwaga mezani simu yenye video ya kamera, ambayo hakuwa ameitazama tangu mwanzo. "Mwizi ndiye huyu! Tazama vile anaruka waya yangu!"

Jirani alisimama kando, kofia mkononi.

Chifu akabonyeza. Jirani hakuonekana. Alionekana mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani, ameinama juu ya seng'enge, akimvuta mbuzi wa jirani kwa masikio hadi upande wake.

Mkono wa Wahu ulipanda wenyewe kichwani, ukakigusa kitambaa.

"Usizime, chifu," jirani akasema. "Wacha iendelee."